Mali Bila Daftari: Hotuba kwa Wanamuziki Chipukizi na Mameneja Wao, Lamu

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu mliotuheshimu kwa kuja, mama zetu wa vyama vya vugo, walimu, na ninyi vijana ambao kikao hiki kimeitishwa kwa ajili yenu: assalamu alaykum, na poleni kwa joto la alasiri hii.

Nimeombwa niseme juu ya njia ya mwanamuziki anayeanza na juu ya kazi ya yule anayemsimamia. Najua wako waliokuja wakitarajia nizungumzie sauti, mavazi, picha na namna ya kupata wafuasi mitandaoni. Mambo hayo yana wenyewe wanaoyajua vizuri. Mimi nimechagua jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalowaangusha vijana wengi wa pwani hii wenye vipaji visivyo na shaka, nalo ni kwamba kazi zao hazina maandishi. Wimbo umerekodiwa, unachezwa harusini na katika matatu, lakini hakuna karatasi hata moja inayosema nani aliutunga, nani aliulipia na nani ana haki ya kuuuza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wimbo ni mali.

Mji huu hauna sababu ya kuliona jambo hili kuwa la kigeni. Katika tenzi kadhaa za kale zilizotungwa Lamu na Pate, mtunzi hafungi kazi yake mpaka aeleze katika beti za mwisho yeye ni nani, ametunga mwaka gani wa Hijria, na mara nyingine beti ni ngapi, ili anayenakili baadaye asipunguze wala kuongeza. Washairi wale hawakuwa na bodi ya hakimiliki wala wakili. Walijua tu kwamba kazi isiyo na jina la mwenyewe huokotwa na yeyote.

Taarabu nayo ilitukuta tayari tuna desturi ya kugawana kazi. Mara nyingi anayeimba siye aliyetunga shairi, na aliyetunga shairi siye aliyelitilia mahadhi. Mohamed Khamis Juma Bhalo, ambaye sauti yake haijasahaulika pwani nzima, aliimba mashairi mengi ya ndugu yake Ahmad Nassir, na kila mpenzi wa taarabu Mombasa, Malindi na hapa Lamu alijua lipi ni la mshairi na lipi ni la mwimbaji. Mzee wetu Zein l'Abdin, aliyezaliwa mji huu mwaka 1939, alikuwa fundi wa udi na pia mtu wa kuyathamini mashairi ya wengine. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, hakwenda peke yake. Alikuwa na wapigaji wake. Tangu hapo wimbo wetu umekuwa na wenyewe wengi, na sheria ya leo, nikiisoma vizuri, inakubaliana na desturi hiyo kuliko tunavyodhani.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, pamoja na marekebisho yake, inalitenganisha shairi na mahadhi, ikaitenganisha na vyote hivyo ile haki ya mwimbaji na wapiga ala juu ya uimbaji wao, na ikaiweka kando rekodi yenyewe, yaani ile sauti iliyokwisha kunaswa studio. Rekodi humilikiwa na yule aliyefanya mipango ya kurekodi. Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa, kwa sababu kijana anayeingia studio akiwa na shilingi elfu tano, na prodyusa anayempunguzia bei kwa kuwa anampenda, wote wawili wanaweza kuamini kwa moyo safi kwamba mipango ile waliifanya wao. Hakimiliki ya shairi na mahadhi hudumu uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo jambo ambalo hamkuliandika leo mnawaachia wajukuu zenu waligombanie, nao hawakuwapo studio na hawatakuwa na wa kumuuliza.

Mfano mnaoujua wote ni «Malaika». Fadhili William aliurekodi wimbo huo na bendi yake, ukaimbwa baadaye na Miriam Makeba na wengine wengi duniani. Lakini wapo wanaosema mtunzi wake ni Adam Salim, na wapo wanaowataja watu wengine wa pwani. Sisimami hapa kumpa mmoja na kumnyima mwingine. Ninachosema ni kwamba wimbo unaojulikana pengine kuliko wote waliowahi kuutoa watu wa lugha hii hauna mtunzi ambaye sote tunakubaliana juu yake, na karatasi moja yenye saini na tarehe ingemaliza ubishi huo kabla haujaanza.

Karatasi hiyo ndiyo ninayotaka kila meneja aliyeko hapa aondoke nayo kichwani. Iiteni karatasi ya mgawanyo. Inajazwa siku ile ile wimbo unapokamilika, kabla watu hawajatoka studio, maana wimbo ukishapendwa kila mtu hukumbuka mchango wake kuwa mkubwa zaidi. Juu yake andikeni jina la wimbo, tarehe, studio, kisha majina kamili ya waliochangia kama yalivyo kwenye vitambulisho vyao. Lakabu ya jukwaani haitoshi. Mbele ya kila jina andikeni alichofanya na asilimia yake. Asilimia za shairi na mahadhi zijumlishwe zifike mia. Asilimia za rekodi zihesabiwe kando, nazo zifike mia. Ikiwa biti, yaani ala za wimbo zilizokwisha kutengenezwa, ilinunuliwa mtandaoni, ambatisheni risiti na masharti yake, kwa kuwa biti nyingi za bei nafuu hukodishwa kwa watu wengi kwa wakati mmoja, na siku moja utamsikia kijana wa Kisumu akiimba juu ya ala zile zile na hana kosa. Andikeni pia nani anabaki na mafaili ya studio, ala moja moja, kwa maana kompyuta za studio huibwa na huungua kwa umeme wetu huu, na nyimbo huzikwa humo.

Wimbo unaokwenda kwenye majukwaa ya kidijitali hupewa msimbo wa ISRC, wenye herufi na tarakimu 12, ambao huitambulisha rekodi hiyo popote inapochezwa. Nakilini msimbo huo katika daftari siku unapotolewa. Mameneja wengi huuacha kwa msambazaji, yaani kampuni inayoupeleka wimbo kwenye majukwaa hayo, kisha wanapotaka kubadilisha msambazaji hawaujui, wimbo unapandishwa upya kwa msimbo mpya, na hesabu yote ya waliousikiliza inaanza sifuri.

Sasa nije kwa meneja mwenyewe. Wengi hudhani meneja ni mtu wa kutafuta shoo na kubishana na mapromota. Hiyo ni sehemu, tena si kubwa. Meneja ni mtunza daftari la msanii: nyimbo zake, haki zake, ahadi zake, fedha zake na siku zake. Ndiyo maana siamini kwamba kila anayeanza anahitaji meneja. Msanii mwenye nyimbo mbili, ambaye hajawahi kulipwa, bado hana kitu cha kusimamiwa. Anachohitaji ni mwenzake mwaminifu mwenye mwandiko unaosomeka. Akishaanza kuitwa harusi mbili katika wiki moja na kushindwa kujua aende ipi, hapo wakati umefika.

Hapa kwetu meneja huwa kaka, binamu, au rafiki wa barazani, na hilo si baya. Ubaya ni pale inapoonekana kwamba kumwambia ndugu «tuandikiane» ni kumtukana. Nawaomba mlifikirie jambo hili kwa utulivu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, inawaamuru waumini wanapokopeshana kwa muda maalumu waandike, awepo mwandishi mwadilifu, na washuhudie mashahidi. Tena inawataka wasichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Amri hiyo haikuwabagua ndugu. Ikiwa deni la magunia ya mchele linastahili kuandikwa mbele ya mashahidi, basi makubaliano ya kuisimamia kazi ya mtu kwa miaka yanastahili zaidi. Ndugu wanaoandikiana hubaki ndugu siku makubaliano yanapokwisha, na huo ndio udugu ninaoutaka kwenu.

Katika mkataba huo, kifungu kinachowaponza vijana ni cha ada. Desturi katika biashara hii, hapa na ng'ambo, ni meneja kupata kati ya asilimia 15 na 20. Vijana hubishana sana juu ya tarakimu hiyo na kusahau kuuliza: asilimia 20 ya nini? Tuseme umelipwa shilingi 60,000 kwa shoo ya Malindi. Umekodi vipaza sauti kwa 15,000. Mashua hadi Mokowe na basi la kupitia Witu na Garsen, kwenda na kurudi kwa watu wote, vimekula 9,000. Wapiga ala wamechukua 16,000. Zimebaki 20,000. Ikiwa mkataba unasema meneja anakata katika jumla, atachukua 12,000 na wewe uliyeimba usiku kucha utarudi Lamu na 8,000. Ikiwa unasema anakata katika kilichobaki, atachukua 4,000 na wewe 16,000. Asilimia ni ile ile. Kwa msanii anayeanza, mbali na miji mikubwa, ambaye kila shoo yake ina bahari katikati, ninashauri bila kusita ada ikatwe baada ya gharama, na gharama zenyewe zitajwe kwa majina ndani ya mkataba ili asije mtu akaingiza humo chakula chake cha mchana.

Muda nao. Anzeni na mwaka mmoja unaoweza kuongezwa. Meneja aliyefanya kazi nzuri ana haki ya kuendelea kula jasho lake kwa dili alizozileta hata baada ya kuachana, lakini haki hiyo ipungue na ikome: mwaka wa kwanza nusu ya ada, mwaka wa pili robo, kisha basi. Asiyekuwa na umri wa miaka 18 asitie saini peke yake. Mzazi au mlezi awepo. Na yeyote akiwaletea karatasi ya kununua wimbo wote, haki zote, milele, kwa fedha za mkupuo mmoja, ipelekeni nyumbani mkalale nayo. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi «Mbube» mwaka 1939, akaziuza haki zake kwa shilingi kumi, akafariki mwaka 1962 akiwa maskini. Wimbo huo ulizunguka dunia kwa jina na maneno mengine, na familia yake haikufikia mapatano ya kulipwa hadi mwaka 2006.

Kuna jambo dogo ambalo limewavunja wengi. Chaneli ya YouTube na akaunti ya msambazaji zifunguliwe kwa barua pepe na simu ya msanii mwenyewe, kisha meneja apewe ruhusa ya kuingia. Fedha za shoo zisilipwe kwenye M-Pesa ya binafsi ya meneja, hata awe mtu wa namna gani. Ziende kwenye akaunti ya msanii, naye meneja alipwe kutoka humo kwa maandishi. Namwambia hivi meneja kwa faida yake pia, kwa sababu siku ya kutuhumiwa atakuwa na cha kuonyesha.

Naomba sasa kukaa kidogo na kalenda, maana hakuna mtu wa Nairobi atakayewaandikia hii. Mwanamuziki wa Lamu na Malindi anaishi kwa kalenda mbili. Ya kwanza ni ya wageni: hoteli za Malindi na Watamu, na nyumba za Shela, hujaa kuanzia Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, kisha mvua za masika na kusi zikiingia hoteli nyingine hufunga hata milango. Ya pili ni ya mwezi mwandamo. Harusi hujazana Shaabani, husimama kabisa Ramadhani, na huanza tena kwa nguvu mfunguo mosi. Kalenda hizi mbili hazitembei pamoja, kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma kama siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, wageni wakiwa wanaanza kupungua. Kila mwaka inazidi kuingia ndani ya msimu wa wageni, na itakapofika 2030 itaandama mwanzoni mwa Januari na kuandama tena mwishoni mwa Desemba. Maana yake ni kwamba kwa miaka kadhaa ijayo, wiki ambazo msanii Mwislamu wa hapa alizitegemea kwa hoteli zitakuwa wiki ambazo ama hataki ama haitampendeza kupanda jukwaani, na harusi za Shaabani zitaangukia siku zile zile ambazo hoteli zinamtaka.

Meneja anayelijua hilo mapema atafanya nini? Atazungumza na hoteli miezi kadhaa kabla juu ya shoo za mwanzo wa msimu, badala ya kungoja kuitwa Desemba. Ataweka bei ya harusi za Shaabani kulingana na msongamano wake, na atadai malipo ya awali, nusu kwa uchache, yasiyorudishwa. Miezi ya masika, wakati hakuna hoteli, ataitumia kwa studio na mazoezi, kwa kuwa hata maprodyusa huwa na nafasi na bei hulegea. Na Ramadhani ataitumia kwa daftari: kusajili, kufuatilia madeni, kuandika barua.

Kuna upande wa harusi zetu ambao mikataba ya kuchapwa haiujui. Mama zetu na dada zetu wanaoimba katika sherehe za wanawake huimba mahali ambapo mwanamume haingii na ambapo wenyewe hukaa kwa uhuru wa nyumbani. Leo kila mgeni ana simu, na picha ya ndani hutoka nje kabla ngoma haijaisha. Sheria inasema wazi kwamba uimbaji wa mtu usirekodiwe bila idhini yake. Meneja wa mwimbaji wa kike aiandike idhini hiyo, au kukosekana kwake, katika makubaliano na wenye harusi: simu zikusanywe mlangoni, na kama kuna mpiga video, picha ni za nani na zitaonyeshwa wapi. Heshima ya mwimbaji ikivunjwa kwa njia hiyo, familia humkataza kuimba, na hakuna wimbo mpya utakaomrudisha. Nalihesabu jambo hili kuwa zito kuliko ada.

Vivyo hivyo kwa wale mnaochukua mahadhi ya goma, ya kirumbizi, au ya mwanzele wa Wagiriama na kuyatia katika biti. Ngoma hizo zina wenyewe, nao wako hai. Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inaitambua jamii kuwa yenye haki juu yake. Nendeni kwa wazee wa ngoma hiyo kwanza, muombe, mkubaliane, muandike katika karatasi ile ile ya mgawanyo. Kasida za maulidi nisingependa kuziona humo kabisa bila ridhaa ya walimu wa Msikiti wa Riyadha.

Juu ya mapato ya mtandaoni nitasema kwa ufupi, kwa sababu kwa anayeanza ni madogo kuliko anavyoahidiwa. YouTube haianzi kumgawia mtu fedha za matangazo mpaka afikishe wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video zake fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Spotify, ambayo ilifika Kenya mwaka 2021, hailipi wimbo ambao haujasikilizwa mara 1,000 katika mwaka. Msiache kuweka nyimbo zenu huko, lakini msimlipe mtu kwa ahadi ya utajiri wa huko. Skiza, huduma ya Safaricom ya nyimbo za kusubiria simu, ni tofauti kidogo: kwa marekebisho ya sheria ya 2022, mwenye haki asipate chini ya asilimia 52 ya mapato ya wimbo wa kusubiria simu. Anayewapa mkataba wa Skiza wenye tarakimu ya chini ya hapo, mwonyesheni sheria.

Mirabaha, yaani malipo ya wenye haki kazi yao inapochezwa redioni, hotelini na katika magari, hupitia mashirika ya kukusanya: watunzi kwa shirika lao, waimbaji na wapiga ala kwa lao, wenye rekodi kwa lao. Leseni za mashirika hayo zimekuwa zikitolewa na kuondolewa, kwa hiyo kila mwaka ulizeni KECOBO, Bodi ya Hakimiliki, ni nani mwenye leseni kabla ya kujiunga au kutia saini. Kusajili kazi kwenye bodi hiyo hufanyika mtandaoni. Kijana aliyeko Faza au Kizingitini hana haja ya kupanda gari kwenda Nairobi. Mkiwa mnapiga muziki wa moja kwa moja hotelini, wekeni orodha ya nyimbo mlizopiga kila usiku, na nakala muiache kwa msimamizi. Na kila mmoja awe na PIN ya KRA, yaani namba ya mlipa kodi, kwa maana mirabaha hukatwa kodi ya asilimia 5 kabla ya kulipwa, na bila PIN makato hayo hayahesabiwi kwa jina lako.

Karatasi za mgawanyo zimechapwa na ziko mezani pale, upande wa mama zetu. Wale waliokuja na maprodyusa wao naomba waanze na wimbo waliourekodi mwisho, wakae pamoja kabla ya Maghribi na waijaze karatasi yake wakiwa wote wapo. Pakitokea ubishi juu ya asilimia, niiteni. Nitakaa nanyi mpaka mkubaliane. Bwana Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.